Jacob Wainwright: Karani wa Msafara Aliyejitolea katika Njia ya Unyanyembe

Tunapomshukuru Mungu kwa kuufikisha usharika wetu katika mwaka wake wa 100, ni wajibu wetu kuwakumbuka wote waliotumika pasipo kulipwa: waliosomba mawe na mchanga, waliochota maji ya kujengea, waliofundisha darasa la Kipaimara kwa miaka mingi huku riziki yao ikitoka katika jembe, na kina mama waliokesha wakiuguza wasio ndugu zao. Majina ya baadhi yao yamo katika kitabu hiki. Mengine anayajua Mungu peke yake.

Hata hivyo, kazi ya kujitolea katika nchi yetu haikuanza na sisi. Kabla kengele ya kwanza ya kanisa haijalia katika nchi ya Unyamwezi, palikuwa na njia, na katika njia hiyo walipita watu waliobeba mzigo ambao hakuna aliyewalazimisha kuubeba. Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright. Hakuwa Mlutheri, wala hakuwa mchungaji. Alikuwa kijana aliyejua kusoma na kuandika, aliyejikuta mahali ambapo kusoma na kuandika kulihitajika sana. Maisha yake yanatufundisha jinsi kujitolea kunavyomjenga mtu na jamii yake, na pia jinsi anayejitolea anavyoweza kusahauliwa na wale waliofaidi kazi yake.

Njia ya misafara

Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako mji wa Tabora ulikuwa umestawi. Ulikuwa mwendo wa zaidi ya kilomita 800, nao kwa kawaida ulichukua miezi kadhaa. Kutoka Tabora njia iligawanyika: moja ikaelekea Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na nyingine ikashuka kusini magharibi kuelekea Ufipa. Bidhaa zilizopanda bara zilikuwa merikani, shanga na waya wa shaba. Zilizoshuka pwani zilikuwa pembe za ndovu na, kwa aibu ya wote waliohusika, wanadamu waliofungwa minyororo.

Mpagazi wa kawaida alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, mbali na vyombo vyake mwenyewe. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya ujira, yenye mapatano yanayojulikana: mzigo gani, hadi wapi, kwa malipo gani. Mpagazi aliyeona mapatano yamevunjwa aliweza kuutua mzigo wake na kwenda zake. Yafaa tulikumbuke jambo hilo, kwa maana ndilo linalotuwezesha kuipima vizuri habari inayofuata.

Mtoto aliyechukuliwa

Kwa asili Jacob alikuwa Myao. Akiwa angali mtoto alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa na kupelekwa kuelekea bahari. Chombo kilichomchukua kilikamatwa na Waingereza waliokuwa wakipiga doria dhidi ya biashara hiyo, naye, kama watoto wengine wengi waliookolewa baharini, hakurudishwa kwao bali alipelekwa India. Huko alilelewa katika makao ya Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS, karibu na mji wa Nasik, yaliyowapokea Waafrika waliokombolewa. Wanafunzi wa Nasik walifundishwa kusoma, kuandika, kazi za mikono na imani ya Kikristo. Hapo ndipo alipobatizwa na kupewa jina la Kiingereza ambalo amejulikana nalo hadi leo.

Tutazame vema maisha hayo. Kijiji chake alinyang'anywa. Nchi ya kukulia alichaguliwa. Lugha ya kuandikia alifundishwa na wageni, na hata jina lake halikutoka kwa wazazi wake. Alipofikia ujana alikuwa bado hajapata nafasi ya kuamua jambo lolote kubwa kuhusu maisha yake.

Mwaka 1872 Jacob na wenzake kadhaa wa Nasik, akiwemo Matthew Wellington na Carras Farrar, waliletwa Zanzibar ili wajiunge na msafara wa kumtafuta Daktari David Livingstone. Msafara ule ulivunjika pwani baada ya Henry Morton Stanley kurudi na habari kwamba amekwisha kumwona Daktari huko Ujiji. Ndipo Stanley alipokusanya kundi jipya la wanaume zaidi ya hamsini na kuwatuma Unyanyembe, ambako Livingstone alikuwa akingoja watu na vifaa. Vijana wa Nasik walikuwamo.

Kwihara, Agosti 1872

Livingstone alikuwa akikaa Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, katika tembe kubwa la udongo. Stanley alikuwa ameagana naye mwezi wa Machi, na tangu hapo mzee yule alihesabu siku. Kundi la kutoka pwani liliwasili katikati ya Agosti 1872, na kabla mwezi haujaisha safari ya kuelekea kusini ilianza.

Ndani ya msafara walikuwamo watu wa aina nyingi. Abdullah Susi na James Chuma walikuwa na Daktari kwa miaka mingi. Walikuwamo Waislamu wa pwani, Wakristo wa Nasik, na watu wa bara wasiofuata dini yoyote kati ya hizo mbili. Walikuwamo pia wanawake, kama vile Halima, mpishi wa Livingstone. Miongoni mwao wengi walikuwa wameonja utumwa. Kilichowaunganisha kwa wakati ule kilikuwa ujira na mwajiri mmoja.

Uamuzi wa Ilala

Mvua, matope na maradhi ya tumbo vilimmaliza Livingstone katika nchi ya mabwawa karibu na Ziwa Bangweulu. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Mtemi Chitambo huko Ilala, nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake walimkuta amekufa, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Asubuhi ile mapatano ya kazi yalikoma. Mwajiri alikuwa amekufa, na ilikuwa mbali mno kutoka hapo hadi mahali ambapo mtu angeweza kudai ujira. Hakuna sheria ya msafara iliyowataka kufanya zaidi ya kumzika na kutafuta njia ya kurudi. Isitoshe, kusafiri na maiti kulikuwa hatari kubwa, kwa maana katika nchi nyingi walizopaswa kupita watu waliogopa maiti ya mgeni, nao walioonekana nayo wangeweza kutozwa faini nzito au kushambuliwa. Chitambo mwenyewe, aliyewatendea kwa wema, aliwashauri wamzike palepale.

Wale watu walikutana, wakashauriana, wakawachagua Susi na Chuma kuwa viongozi wao, wakaamua kuupeleka mwili hadi Zanzibar ili ukabidhiwe kwa watu wake. Uamuzi huo haukutoka kwa konseli wala kwa misioni. Ulitoka kwao.

Kisha kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Farijala, aliyekuwa amemtumikia daktari mmoja huko Zanzibar, alishika kisu akiwa na Carras Farrar. Walitoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti wa mpundu. Mwili ulitiwa chumvi, ukakaushwa kwa jua kwa muda wa wiki mbili. Jacob, kwa kuwa ndiye aliyejua kusoma vizuri, aliongoza ibada ya maziko kutoka katika Kitabu cha Sala. Aliorodhesha mali ya marehemu ili kitu chochote kisipotee, na akachonga jina la Livingstone na tarehe katika shina la mti. Baada ya hapo mwili ulivikwa merikani, ukawekwa ndani ya gome la mti, ukashonewa turubai na kufungwa katika mti wa kubebea.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka jinsi wana wa Israeli walivyoichukua mifupa ya Yusufu walipotoka Misri. Watamkumbuka pia Simoni Mkirene, aliyeshikwa njiani na kulazimishwa kuubeba msalaba. Jacob na wenzake hawakuapishwa kama wana wa Israeli wala hawakushurutishwa kama Simoni. Walijitwika wenyewe.

Barua iliyotangulia Tabora

Safari ya kurudi ilikuwa ngumu. Maradhi yaliwalaza wengi mwanzoni kabisa, hata msafara mzima ukasimama kwa siku nyingi. Walivuka mto Luapula, walipigana katika kijiji kimoja, wakazunguka kusini mwa Ziwa Tanganyika. Nguo za kununulia chakula zilipungua. Waliposikia kwamba wapo Waingereza walioko njiani kuja Unyanyembe, na kwamba huenda mwana wa marehemu yumo, Jacob aliandika barua ya kueleza msiba na kuomba msaada, naye Chuma akatangulia nayo kwa haraka pamoja na wenzake wachache.

Chuma aliingia Tabora mwezi wa Oktoba 1873. Mwana wa Livingstone hakuwapo, ila walikuwapo Luteni Verney Lovett Cameron, Daktari Dillon na Luteni Murphy. Cameron aliwapelekea nguo, nao wachukuzi wa mwili wakafika siku chache baadaye. Hapo walikabiliwa na jaribu la namna nyingine. Cameron aliwashauri wauzike mwili palepale Unyanyembe, kwa maana njia iliyosalia ilikuwa na hatari. Ulikuwa ushauri wa mtu mwenye cheo, na ungewapunguzia taabu nyingi. Waliukataa kwa heshima. Walikuwa wamekwisha kutoa neno lao wao kwa wao, na neno hilo walilihesabu kuwa zito kuliko amri ya mgeni.

Mashariki ya Tabora, mahali palipoitwa Kasekera, wenyeji walikataa kabisa maiti isipite. Wachukuzi walitumia akili. Walitengeneza mzigo wa uongo kwa fito na mabua, wakauvika nguo kama maiti, na watu sita wakaondoka nao kwa huzuni kana kwamba wanaurudisha Unyanyembe kwenda kuuzika. Usiku wakautawanya porini na kurudi kimya kimya. Mwili wenyewe ulikuwa umefungwa upya kwa umbo la mtumba wa nguo, ukapita kama bidhaa nyingine. Huko huko Kasekera Daktari Dillon, aliyekuwa mgonjwa sana wa homa, alijiua kwa bunduki. Hivyo njia ile ilionja msiba juu ya msiba.

Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Walikuwa wametembea kwa miezi mingi, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600.

Heshima na usahaulifu

Huko pwani mwili ulipokewa na meli ya kivita ya Kiingereza na kuvushwa hadi Zanzibar. Wachukuzi walilipwa ujira wao, wakaachiliwa. Wale waliokuwa wameutunza mwili tangu Ilala hawakupewa nafasi ya kuusindikiza hadi mwisho. Ni Jacob pekee aliyesafiri nao, tena kwa gharama ya CMS. Tarehe 18 Aprili 1874, katika Kanisa Kuu la Westminster huko London, alikuwa miongoni mwa watu wanane waliopewa heshima ya kulisindikiza jeneza, Mwafrika pekee kati yao. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yamekwisha, nao walisaidia kueleza habari za safari wakati shajara za mwisho za Livingstone zilipotayarishwa kupigwa chapa. Chama cha Kijiografia cha Kifalme kilitengeneza medali kwa ajili ya wote waliomaliza safari, lakini zilipofika wengi walikuwa wametawanyika.

Jacob naye alikuwa ameandika habari za safari kwa mkono wake. Zilitolewa mwaka ule ule wa 1874 kwa lugha ya Kijerumani, katika jarida la jiografia la mji wa Gotha.

Kwa miezi michache Jacob alikuwa mtu mashuhuri. Alipigwa picha, alisimama mbele ya mikutano, akatazamwa kama ajabu. Umashuhuri ule ulipita upesi. Wapo Wazungu waliomnung'unikia kwamba sifa zimemharibu. Yamkini kijana aliyeamua mambo makubwa pamoja na wenzake porini hakuona tena vyepesi kuambiwa la kufanya kama mtoto wa makao. Alirejea Afrika ya Mashariki na kuendelea kutumika chini ya misioni. Miaka yake ya mwisho ilimkuta Urambo, magharibi ya Tabora, katika kituo cha Chama cha Misioni cha London, na huko ndiko alikofariki mwaka 1892.

Mahali pa kifo chake pana maana. Habari za kifo na maziko ya Livingstone ziliwasha ari mpya katika makanisa ya Uingereza, na ari hiyo ndiyo iliyozaa misioni kadhaa za bara, ikiwamo ile iliyofika Urambo mwaka 1879, enzi za Mtemi Mirambo. Mwaka 1898 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Wamoravian, ambao kanisa lao limestawi Tabora na Sikonge hadi leo. Kwa hiyo Jacob alimalizia siku zake katika kazi iliyotokana, kwa sehemu, na mzigo alioshiriki kuubeba.

Matunda ya kujitolea

Tukiyatafakari maisha haya, tunaona kwanza kwamba kujitolea kulimpa mtu aliyenyang'anywa ukoo nafasi ya kuwa na watu wake. Watu walioondoka Kwihara wakiwa waajiriwa walifika Bagamoyo wakiwa ndugu. Mwislamu na Mkristo, aliyesoma na asiyesoma, kila mmoja alihitajiwa: kisu cha Farijala, uongozi wa Susi, miguu ya Chuma, kalamu ya Jacob. Anayejua kwamba anahitajiwa hapotei katika upweke.

Pili, tunaona kwamba utumishi ule ulikuza vipawa. Susi na Chuma walijulikana tangu hapo kuwa viongozi wa misafara wanaoaminika, wakatafutwa na misioni na wasafiri. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886 kwa jina la David, akafariki mwaka 1891. Matthew Wellington aliishi hadi mwaka 1935, akiwa mzee aliyeheshimiwa huko Mombasa.

Tatu, jamii ilifaidi kuliko wao. Katika siku zetu wachunguzi wa afya na jamii katika nchi mbalimbali wameona kwamba watu wanaojitolea, hasa wazee, mara nyingi huwa na furaha zaidi na upweke mdogo, ingawa yafaa kukumbuka kwamba mwenye afya ndiye aliye mwepesi wa kujitolea. Wameonya pia kwamba anayetwikwa kupita kiasi huchoka na kuvunjika moyo. Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 tarehe 5 Desemba iwe siku ya kuwakumbuka wanaojitolea duniani kote. Lakini mapagazi wa Ilala walikuwa wamekwisha kuyaonyesha hayo yote, mema yake na maumivu yake.

Hapa ndipo penye fundisho zito kwa usharika wetu. Kanisa la Kilutheri katika nchi hii lilisimama kwa mabega ya watu wa namna ya Jacob. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, na tena katika Vita ya Pili, walimu na wainjilisti Waafrika ndio walioshika ibada, mafundisho na maziko. Wengi wao walipata kidogo sana, au hawakupata kitu. Tunapowasifu, tujiulize kama hatuufanyi moyo wao wa kujitolea kuwa kisingizio cha kutowatunza. Msafara ule haukukosea kuubeba mwili; waliokosea ni wale walioupokea pwani na kuwaacha wabebaji.

Basi, usharika unaoingia karne yake ya pili na usiwaachie Mungu peke yake kazi ya kuwakumbuka watumishi wake. Majina yao yaandikwe wangali hai. Mwalimu wa Shule ya Jumapili apewe kitabu na chaki, na mzee wa kanisa aliyechoka apewe nafasi ya kupumzika bila kulaumiwa. Mwinjilisti mstaafu atembelewe, wala asingojewe hadi siku ya maziko yake. Naye kijana anayedhani hana cha kutoa amtazame Jacob, ambaye katika saa ya msiba hakuwa na mali wala cheo, ila kalamu na Kitabu cha Sala, navyo vikatosha kwa sehemu yake.

Tembe la Kwihara lingaliko, nalo limetunzwa kuwa makumbusho. Atakayekwenda Tabora na alitembelee, asimame kidogo mlangoni, awakumbuke waliotoka pale mwaka 1872 wakiwa watu wa ujira, na waliopita tena Unyanyembe mwaka uliofuata wakiwa na mzigo waliojitwika kwa hiari. Mungu atujalie moyo kama wao, na atufundishe kuwatendea vema walio nao.